Geti la Bonde la Hrímá Lirudishwe Kabla ya Kesho

Mgeni rasmi, Hallveig Ormsdóttir, Mkurugenzi Mkuu wa Bodi ya Wageni na Njia za Nyanda za Juu,
Wajumbe wa Bodi mliofuatana naye,
Mchungaji wetu,
Wakulima wenzetu mlioacha kondoo wenu saa hizi ili mje kusikiliza,
Mabibi na mabwana,

Sisi wanakikosi wa uokoaji wa Bonde la Hrímá tunakusalimu na kukukaribisha. Anayekusomea ni Ragnfríður, mkuu wa kikosi, na kila kilichomo humu kimekubaliwa na wenzangu wote juzi, mbele ya birika la kahawa na sahani ya maandazi ya kusokota. Kwetu Aisilandi hatuitani kwa vyeo, hata rais tunamwita kwa jina lake la kwanza, basi nasi tutakuita Hallveig. Usidhani tumekukosea adabu. Tungetaka kukukosea adabu tungetafuta njia nyingine, na kuna mwenzetu mmoja alikuwa nazo kadhaa.

MAKARIBISHO

Hallveig, tunakukaribisha katika jengo hili ulilokuja kulizindua. Ni zuri. Madirisha yake ni makubwa kiasi kwamba mtu aliyekaa hapa ndani anauona mlima wote, na akiona jua linawaka juu ya theluji anajiambia kwamba huko nje ni joto. Sisi banda letu liko nyuma ya jengo hili, lile la mabati lenye mlango mwekundu. Ulipopita na gari hukuliona, na hatukulaumu, maana siku hizi limefichwa na bango lenu.

Kabla hatujaendelea tukueleze jambo moja ili lisikushangaze. Kijana wako Tindur, mshauri wa mawasiliano, alitupigia simu wiki iliyopita. Ni kijana mwenye heshima zake. Alisema, "Ragnfríður, ile sehemu ya changamoto si mnaweza kuifupisha kidogo? Na habari za msiba, hizo si tungeziacha tu? Siku yenyewe ni ya furaha."

Tukamjibu, "Ya furaha kwa nani, Tindur?"

Akasema, "Basi angalau msimtaje Mkurugenzi kwa jina."

Tukamwambia tutajitahidi. Tumejitahidi, tumeshindwa.

TULIKOTOKA

Kikosi hiki kilianzishwa na babu zetu baada ya mashua kuvunjika mdomoni mwa mto, wakati ambapo mtu akipotea waliomtafuta ni majirani zake. Mpaka leo ni vivyo hivyo. Hatulipwi, na hatujawahi kuomba tulipwe. Fedha za kamba na mafuta ya gari tunazipata kwa kuuza fataki za mwaka mpya, na kila mtu bondeni hapa hununua, hata mama wa pale Efribær ambaye mlio wa fataki unamtia kichaa mbwa wake.

Kwa miaka yote hiyo barabara ya kwenda nyanda za juu ilikuwa na geti. Lilikuwa la chuma, limekaa pale shamba la mwisho, Efribær, na ufunguo ulining'inia jikoni kwa wenye shamba. Geti lilifungwa theluji ya kwanza ilipodondoka, na lilifunguliwa barabara ilipokauka. Mwaka mwingine ilikuwa mwishoni mwa Juni, mwaka mwingine Julai imeshaanza. Hakuna aliyetazama kalenda. Mtu alikwenda, akatazama barabara.

Wengi mliotoka mjini mnayajua majira ya kuchipua kwa maua ya kwenye vyungu. Huku juu ni wakati mbaya kuliko baridi kali yenyewe. Jua linayeyusha juu, chini udongo bado ni barafu, maji hayana pa kwenda. Barabara inakuwa kama uji uliopoa, juu una ngozi ngumu, ukiugusa kijiko kinazama. Gari likizama dereva hujaribu kupita pembeni, na pembeni ni kuvumwani, ule uoto laini kama zulia unaofunika mawe, ambao gurudumu likiuchana leo, wajukuu zetu watauona huo mchubuko. Na mto ambao asubuhi unakufika magotini, alasiri baada ya jua kuishughulikia theluji unakufika kifuani.

Halafu, Hallveig, ikaja Bodi yako na kampeni ya Nchi Iliyo Wazi. Tunaikumbuka siku mlipokuja kutueleza mabadiliko. Mlisema wageni wameongezeka, wanakuja hata kabla ya kiangazi, wanalipia magari ya kukodi, halafu wanafika Efribær wanakuta chuma. Mlisema geti linawavunja moyo, tena halipendezi kwenye picha. Mkaliondoa. Mahali pake mkaweka ubao wenye taa ndogo, na ujumbe unaotumwa kwenye simu za wageni kuwaambia njia imefungwa au imefunguliwa.

Na tarehe ya kufungua mkaichagua ninyi. Mkachagua Siku ya Kwanza ya Kiangazi.

Sasa hapa ndipo tunapotaka kuongea na wewe kama watu wa nchi moja. Mgeni kutoka mbali angekosea hapo tungemsamehe. Lakini wewe umezaliwa hapa. Umepewa mpira au kamba ya kuruka siku hiyo kama sisi sote, ukaenda kuucheza kwenye theluji na kofia ya sufu kichwani. Umetembea nyuma ya maskauti na bendera, pua imekuwa nyekundu kwa baridi. Mama yako, kama mama zetu, aliweka bakuli la maji nje usiku wa kuamkia siku hiyo aone kama yataganda, na yalipoganda akafurahi, akasema maziwa ya kondoo yatakuwa mazito mwaka huu. Hakuna mtu hata mmoja katika nchi hii asiyejua kwamba Siku ya Kwanza ya Kiangazi huangukia Aprili na kwamba kiangazi chenyewe hakipo. Ni sikukuu ya watu waliochoka na giza, wanajipa moyo. Ninyi mkaichukua sikukuu yetu ya kujipa moyo mkaifanya ratiba ya barabara, kwa sababu siku hiyo kuna bendera na watoto na picha zitatoka vizuri.

MAFANIKIO

Tindur alituomba sehemu hii iwe ndefu.

Kikosi kimejifunza kusema "rudi nyuma" kwa lugha nyingi. Tunaweza pia kusema "usisimame juu ya barafu hiyo" na "hapana, hilo si daraja" kwa lugha kadhaa, ingawa lafudhi zetu huwachekesha wageni.

Tumevuta magari kutoka kwenye matope mengi mno kuyakumbuka. Tumemshusha bwana harusi na bibi harusi waliokwenda kupiga picha na viatu vya sherehe. Bergsveinn, fundi wetu na mzee kuliko sote, alimbeba mgongoni bibi harusi wa watu mpaka kwenye gari letu, na mkewe mpaka leo hajamalizana naye.

Bodi ilituletea vizibao vya rangi kali. Tunashukuru. Mgongoni vimeandikwa Nchi Iliyo Wazi. Tunavivaa kwa sababu vinazuia upepo.

Na mafanikio mengine ni kwamba vyoo vya pale maporomoko, ambavyo Bodi imeviwekea kufuli mpaka Juni ilhali imewaruhusu wageni tangu Aprili, vimewafanya wageni waijue vizuri sana nyuma ya zizi la Steinvör. Mwenyewe anasema hajawahi kuona mataifa mengi hivyo yakichuchumaa pamoja kwa amani.

Hayo ndiyo mafanikio.

CHANGAMOTO

Hallveig, changamoto yetu ilikuwa na jina. Aliitwa Eyvindur.

Alikuwa mume wa Steinvör wa Efribær, ambaye ndiye mama mwenye mbwa na zizi tuliyemtaja. Ufunguo wa geti ulikuwa jikoni kwao. Mlipokuja kuling'oa geti, Eyvindur ndiye aliyewashikia mashine, kwa sababu mafundi wenu walikuwa wawili tu na chuma ni kizito. Mmoja wenu alimuuliza, "Hutalikumbuka?" Akasema, "Nitalikumbuka. Ninyi ndio mtalisahau." Kisha akawaalika kunywa kahawa, ndivyo alivyokuwa.

Mwaka jana, Siku ya Kwanza ya Kiangazi, sote tulikuwa kanisani na baadaye kwenye gwaride la maskauti. Theluji nyepesi ilikuwa ikianguka. Simu za wageni wote waliokuwa bondeni zikalia kwa pamoja, tukawaona wanazitoa mifukoni wanatabasamu. Ujumbe wa Bodi ulisema kiangazi kimeanza, nyanda za juu ziko wazi, karibuni.

Alasiri ikaja simu ya msaada. Watu wawili walikuwa juu ya paa la gari katikati ya mto Hrímá, pale magari yanapovukia, maana daraja hakuna.

Tulikwenda. Walikuwa mume na mke, wastaafu, watu wazuri kabisa. Tungependa wangekuwa wapumbavu, ingetusaidia kuwa na hasira, lakini hawakuwa. Yule mzee alikuwa amemvalisha mkewe koti lake yeye mwenyewe. Alipotuona alituinulia simu yake, akaelekeza kioo kwetu kama mtu anayemwonyesha askari kibali, akapiga kelele juu ya sauti ya maji, "Mmetuambia mmefungua! Hapa, someni! Mmefungua!"

Eyvindur alisema, "Ni kweli, mzee wangu, tumefungua. Shika kamba."

Kikosini kwetu gari haliingii mtoni majira haya kabla mtu hajatangulia kwa miguu kuupima mto kwa mti, kamba ikiwa kiunoni na wenzake wameishika. Anayetangulia ni yule anayeujua mto. Eyvindur alizaliwa kando yake. Aliwatoa wote wawili, mama kwanza, kisha mzee, akiwaongoza mkono kwa mkono. Maji yalikuwa yanapanda tukiyatazama. Yeye akawa wa mwisho kurudi. Ukingoni kulikuwa na ubao wa barafu ambao mto ulishaula kwa chini bila sisi kuona. Aliukanyaga ukavunjika, naye akaingia chini yake pamoja na kamba. Tulivuta. Kamba ilikuwa imekwama kwenye barafu, na tulipoikwamua ikatoka naye, baridi ilikuwa imeshammaliza.

Hatukupata namna nyingine ya kuliandika hili. Tulijaribu juzi, kila mtu kwa maneno yake, na kila mtu alikwama pale pale.

Mzee yule hutupigia simu hadi leo. Hatafuti kusamehewa. Huuliza swali moja, na kila akiuliza hulia. "Kwa nini hakukuwa na geti? Tungeona geti tungerudi. Mimi na mke wangu siku zote tunarudi tukikuta geti."

Tukadhani pengine wewe unalo jibu la kumpa.

Baada ya mazishi Bodi ilituma shada. Ikatuma pia taarifa kwamba Eyvindur alikuwa shujaa aliyeipenda kazi yake. Eyvindur hakuwa akiipenda kazi hii, Hallveig. Alikuwa akipenda kondoo, redio yenye habari za hali ya hewa, na nyama iliyokaushwa kwa moshi na mkewe. Kazi hii aliifanya kwa sababu ilikuwa lazima mtu aifanye. Na kesho asubuhi, mwaka mmoja baadaye, ratiba yako inasema utasimama pale ubaoni na kuiwasha taa ya kijani. Siku mbili hizi mvua imenyesha juu ya theluji. Tumekwenda mtoni leo kabla hujafika. Uko vilevile.

TULIYOYAJADILI

Risala nyingi hazina sehemu hii, lakini tumeona ni haki uijue.

Juzi tulijadili kuacha. Bergsveinn ndiye aliyelileta. Alisema, "Wakipiga simu tusipokee. Wakisikia kimya wiki moja tu, geti litarudi linakimbia."

Mwenzetu mmoja akamuuliza, "Na simu yako utaizima?"

"Nitaizima."

"Wewe Bergsveinn? Wewe unalala na simu kifuani tangu uoe."

"Na mkeo analala wapi?" mwingine akadakia.

Tukacheka. Hatukuwa tumecheka katika banda lile tangu mwaka jana, na tukaona haya kidogo. Kisha Bergsveinn mwenyewe akasema taratibu, "Haya, tupige kura. Anayetaka tusiende tena, anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooshwa, na wa kwake haukunyooshwa pia. Alitazama kahawa yake akasema, "Wanalijua hilo. Wale wa mjini wanalijua kabisa."

Tunaamini mnalijua. Hicho ndicho kinachotuuma kuliko yote. Mmeondoa geti kwa sababu sisi tupo. Mmewaahidi wageni nchi iliyo wazi mkijua kwamba mtu akikwama, wakulima wa Hrímá wataacha majembe na kondoo na kwenda, bure, na kwamba hatuna moyo wa kumwacha mtu mtoni ili tukufundisheni adabu. Wema wetu mmeupigia hesabu kama watu wanavyohesabu mvua.

MAOMBI

Tunaomba geti lirudishwe. Hatuombi jipya. Lile la zamani limelala nyuma ya zizi la Efribær, halina kutu sana, na Bergsveinn ana mashine ya kuchomelea ndani ya gari lake pale nje. Ukisema ndiyo sasa hivi, kabla giza halijaingia litakuwa limesimama. Wageni wanakaribishwa. Kuna maporomoko, kuna pwani, kuna bwawa la maji ya moto, kuna kondoo wanaozaliwa, wataona mengi bila kuvuka mto. Wengine wetu tunaishi kwa vitanda tunavyowakodisha, hatuna ugomvi nao.

Tunaomba barabara ifunguliwe na barabara yenyewe, na sikukuu tuachiwe watoto.

Vyoo pia tunaviomba, kwa niaba ya Steinvör.

Lipo ombi moja la mwisho. Hili ni la iwapo hayo mengine yatashindikana, kwa sababu tunajua kuna mikataba, kuna watu waliokwisha kulipia, na kwamba labda uamuzi wa kusema ndiyo hauko mikononi mwako peke yako.

Mwaka jana, tulipomtoa Eyvindur, ilikuwa lazima mtu amwambie mkewe. Nilikwenda mimi. Hapa wenzangu wameniruhusu niseme mimi. Nilimkuta Steinvör zizini, amepiga magoti kwenye majani, kondoo wa mapema amekwama kuzaa, mkono wake uko ndani. Hakugeuka. Alisema, "Subiri, huyu atoke kwanza." Nikasubiri. Nilikaa chini nikasubiri, nikaomba mwana-kondoo yule achelewe. Akatoka, Steinvör akamfuta pua kwa majani, akamlaza kwa mamaye, akanawa mikono kwenye ndoo. Kisha akanitazama, akasema, "Yuko wapi?" Nami nikalazimika kujibu.

Majira ya baridi yaliyopita Sólrún, binti yao, alijiunga na kikosi. Tulimkatalia. Akasema, "Mnataka nani auingie mto, Bergsveinn na magoti yale?" Ni kweli kwamba sasa hakuna anayeujua mto kumshinda yeye, baba yake alimfundisha tangu hajajua kusoma. Kwa hiyo kesho simu ikilia, atakayetangulia na kamba kiunoni ni Sólrún. Mama yake amekaa safu ya tatu, mwenye sweta la kijivu. Mtazame, Hallveig, tafadhali. Hatakuuma.

Ombi letu ni hili. Ukiiwasha taa ya kijani kesho, na ikiwa Sólrún hatarudi, usitume shada, usimtume Tindur, usitume ujumbe kwenye simu. Mimi siendi tena. Utakwenda wewe. Utaingia zizini, utakaa kwenye majani, utasubiri mpaka amalize anachokifanya na kunawa mikono, kisha utamwambia.

Mungu amlinde kila atakayepita njia ile, mgeni na mwenyeji. Azilinde nyumba za bonde hili na mazizi yake. Na akupe wewe, Hallveig, usingizi mwema leo, ukiweza kuupata.

Ni sisi watumishi wako,
Kikosi cha Uokoaji cha Bonde la Hrímá,
ambao simu ikilia tutakwenda.